Ramani ya zamani ya bonde la Msimbazi na swali la mzee wa Likawage

Asubuhi moja ya masika tulikuwa hewani tukisoma habari za Jangwani, Dar es Salaam: maji yamejaa barabarani, mabasi yamesimama, watu wa mabondeni wanabeba magodoro kichwani. Habari hii msikilizaji wetu ameshaizoea. Kabla hatujaenda kwenye muziki ukaingia ujumbe mfupi kutoka Likawage. Mtumaji alijitambulisha kuwa ni mzee, mkulima wa ufuta. Aliandika: "Mwanangu, hao watu wa Dar walijenga usiku? Hakukuwa na mtu mzima wa kuwaambia kuwa pale ni njia ya maji?"

Studio tulicheka. Nilimjibu hewani kwa maneno mawili matatu, tukaendelea na kipindi. Lakini swali lilinikaa, maana mimi mwenyewe nimewahi kulala ndani ya bonde lile, na sikujenga wala kuhamia usiku. Nitaeleza mbele. Leo namjibu mzee wangu kwa kirefu, na nitaanza na ramani.

Wengi wetu huku tunalijua bonde la Msimbazi bila kujua kwamba tunalijua. Ukisema Wekundu wa Msimbazi, kila mtu anajua ni Simba. Ukisema watoto wa Jangwani, ni Yanga. Majina yote mawili yanaturudisha kwenye bonde moja. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka kwa kilomita 35 hivi katikati ya jiji, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Salenda. Nalo jina Jangwani lenyewe lina maana ya mahali pa wazi, pasipo kitu. Waliopaita hivyo hawakukosea.

Kuna ramani zinazoonyesha uwazi huo. Kuanzia mwaka 1946 Waingereza walikuwa na ofisi maalumu ya kupima na kuchora ramani za makoloni yao, Tanganyika ikiwemo. Ndege zilipita juu zikipiga picha mfululizo, kila picha ikiingiliana kwa sehemu kubwa na ya jirani yake. Mchoraji alipozitazama picha mbili kwa pamoja kupitia kifaa chenye lenzi, vilima viliinuka mbele ya macho yake na mabonde yakashuka. Kutokana na picha hizo, na vipimo vilivyochukuliwa ardhini, zikachorwa karatasi za ramani za sura ya nchi kwa skeli ya 1:50,000. Maana yake ni kwamba sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Baada ya Uhuru kazi iliendelea chini ya idara yetu ya upimaji na ramani, na karatasi hizo zimeigawa nchi nzima. Hata Likawage imo, na Njinjo imo, na Nanjirinji imo.

Ukiitandaza ile ya Dar es Salaam ya zamani juu ya meza, kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni udogo wa mji. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742 tu. Kuna bandari, kuna Kariakoo iliyopangwa kwa mitaa iliyonyooka, kuna Ilala na Magomeni. Baada ya hapo nyumba zinafuata barabara kama siafu: barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu, na hii yetu ya Kilwa. Kati ya kidole kimoja cha nyumba na kingine ni mashamba, minazi na mikorosho. Katikati ya Kariakoo na Magomeni kuna ukanda mpana wenye mstari wa bluu unaopindapinda, alama za kinamasi, na mikoko ukikaribia bahari. Nyumba hazimo.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu la kwanza ni hili: watu wazima walikuwepo, na walisema. Mipango mikuu ya jiji iliandikwa mwaka 1949, tena 1968, tena 1979. Ule wa 1979 uliliweka bonde hili waziwazi kwenye ardhi ya hatari isiyofaa kwa makazi. Jambo hili halikuwa siri ya wataalamu. Lilikuwa limechorwa na kupakwa rangi.

Ramani nayo ina maneno isiyoyasema

Hapa ningependa msikilizaji asiiamini ramani kupita kiasi. Nitaje mambo mawili.

La kwanza ni mistari ya kontua, ile ya kahawia inayounganisha mahali penye urefu sawa kutoka usawa wa bahari. Kwenye karatasi hizi, mara nyingi tofauti kati ya mstari mmoja na mwingine ni mita 20. Ukiwa Kilwa ndani, kwenye vilima, mistari inabanana na unaona mteremko bila kuambiwa. Lakini bonde la Jangwani liko mita chache tu juu ya bahari. Kutoka ukingo wa mto mpaka pale wanapojenga watu, ardhi inaweza kupanda mita 2 au 3 tu. Ramani haina mstari wa mita 3. Kwa macho ya asiyezoea, mahali pa hatari kuliko pote panaonekana ndipo pazuri kuliko pote: pametulia, pamenyooka, hapana kona wala mlima. Kumbe weupe huo wa karatasi ndio onyo lenyewe. Bonde pana lisilo na mistari, lenye mto katikati, ni sahani. Na sahani ikijaa, maji hayabaki katikati.

La pili, ramani ya mkoloni ikisema "patupu" haina maana kwamba hapakuwa na mwenyewe. Bondeni palilimwa mpunga na mboga, palikatwa majani, watu walichimba mchanga na kufyatua matofali. Waliishi juu na kufanya kazi chini. Sisi watu wa kusini hilo halihitaji mwalimu. Anayelima mbugani anajenga dungu la kulindia nguruwe, na mvua kubwa ikija analiacha dungu anarudi nyumbani. Majirani zetu wa Rufiji waliishi na mto wao hivyo kwa vizazi. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikawahamishia vijiji vya juu kwa Operesheni Rufiji, nao wakaendelea kushuka bondeni kulima kwa msimu. Kumbukumbu ya maji ilikuwa kwa watu, si kwenye karatasi.

Kilichotokea Msimbazi ni kwamba kumbukumbu hiyo ilikatika.

Namna bonde lilivyojaa

Tazama hesabu. Kutoka watu 128,742 mwaka 1957, sensa ya 1967 ilikuta zaidi ya laki mbili na sabini elfu. Mwaka 1988 walikuwa zaidi ya milioni moja na laki tatu. Mwaka 2012 walifika 4,364,541, na mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Viwanja vilivyopimwa havikuweza kukimbia kasi hiyo hata siku moja. Mtu anatoka Kilwa, Songea, Kigoma au Tabora, ana kibegi na namba ya simu ya binamu. Anataka mahali karibu na Kariakoo ambapo ataenda kwa miguu kubeba mizigo au kuuza karanga. Ardhi ya juu imejaa na ni ghali. Iliyobaki karibu na rahisi ni ile ambayo ramani iliiacha wazi.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2012 nilikwenda Dar kusoma cheti cha utangazaji, nikapanga chumba Kigogo. Kodi ilikuwa nafuu kiasi kwamba nilijiona mjanja. Ukutani, usawa wa kiuno, rangi ilibadilika: chini rangi ya mafuta, nzito, nyeusinyeusi, juu chokaa. Nilidhani ni pambo. Nilikaa pale wiki kadhaa ndipo mama wa chumba cha jirani akaniambia kwamba ule ni mstari wa maji ya Desemba. Maana miezi michache kabla, Desemba 2011, jiji lilipata mvua ambayo ilielezwa kuwa haijawahi kuonekana tangu 1954, na watu zaidi ya 40 walikufa. Mwenye nyumba alipaka rangi kufunika alama. Simlaumu sana, alitaka wapangaji. Lakini mimi mtoto wa Kilwa ninayeijua mbuga na dungu nililala miezi tisa ndani ya mto, kwa kuwa hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza.

Kuna jambo jingine lililowatia watu moyo. Nyumba ilipojengwa bondeni, haikupita muda nguzo ya umeme ikafika, bomba likafika, shule ikajengwa, mjumbe akapatikana, kura zikapigwa. Na mtu ambaye serikali imemfikishia huduma na kumwandikisha atasema vipi kwamba hayupo kihalali? Hata miradi mikubwa ya umma ilishuka humo. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, usafiri ukaanza mwaka 2016, na mabasi yale yakaoga maji ya mafuriko kama kuku. Ukiuliza nani hakusoma ramani, usimwonyeshe kidole mpangaji wa Kigogo peke yake.

Wakati huohuo mto wenyewe ulibadilika. Zamani mvua iliponyesha Pugu na Ubungo, sehemu kubwa ya maji ilinyonywa na udongo, mizizi na mashamba. Leo inaangukia mabati, lami na saruji, na yote inakimbilia mtoni kwa saa chache. Udongo unaong'olewa kule juu unashuka na kulala huku chini, kitanda cha mto kinapanda. Takataka zinaziba makalvati. Kwa hiyo mvua ileile ambayo mwaka 1957 ingefika magotini, leo inafika kiunoni. Ramani ya zamani inakuonyesha mto ulipokuwa, si mto unapokwenda.

Serikali ikafanya nini? Baada ya 2011 baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na jiji. Wengine walirudi, kwa sababu kiwanja bila kibarua hakiliwi. Mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa, alama ya X nyekundu ukutani na tingatinga asubuhi, pale Mkwajuni na kwingineko. Kisha mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi: kuhamisha maelfu ya watu kwa fidia, kupanua njia ya mto, kujenga daraja refu Jangwani, kuihamisha karakana, na sehemu ya chini kuifanya bustani ya jiji. Kwa maneno mengine, dola milioni mia mbili za kulirudisha bonde karibu na lilivyokuwa kwenye karatasi ile ya zamani. Na mkopo huo unalipwa na Watanzania wote, wa Likawage wakiwemo.

Na huku kwetu je?

Mzee wangu ataniambia Likawage si jiji. Kweli. Lakini wilaya yetu nayo inatembea. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003 na lami ikaungana, Nangurukuru na Somanga si zile tulizozijua utotoni. Fedha za ufuta zimeezeka mabati hadi vitongoji vya ndani. Wamekuja wafugaji na wakulima kutoka mikoa mingine, watu wachapakazi, ambao hawakuwepo mafuriko ya miaka ya nyuma yalipopita. Wanatafuta ardhi tambarare karibu na maji, kama mimi nilivyotafuta chumba karibu na Kariakoo.

Na maji yetu yameshatuonya. Mwishoni mwa Januari 2020 mto Matandu ulifurika, vijiji vya upande wa Njinjo vikazama, watu wakafa na maelfu wakakosa makazi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kwenye eneo letu hili la Kilwa, magari yakalala siku kadhaa. Hakuna aliyehitaji sensa ya milioni tano ili hayo yatokee.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Watu wengi wanaichukua kama kipimo cha usalama: nikipiga hatua 60 nimepona. Hapana. Sheria ile inaulinda mto dhidi yako. Haikulindi wewe dhidi ya mto. Kwenye ramani ya 1:50,000 mita 60 ni milimita moja na kidogo, unene wa mstari wa kalamu ya wino. Kwenye bonde la sahani maji ya mwaka mbaya yanaweza kuvuka kalamu kumi za namna hiyo.

Chombo tulichonacho ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mpango unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, siyo na mwenyekiti na afisa wawili chini ya mwembe. Vijiji kadhaa vya Kilwa, Kikole na Nanjirinji vikiwemo, vimeshazoea kazi ya mipaka na ramani kwa sababu ya misitu yao ya hifadhi ya kijiji. Watu wanajua mpingo uko wapi na nani amevuna. Lakini nimehudhuria mikutano kadhaa ya namna hii kikazi, na nitasema nilichokiona: mabishano yote huwa ni mpaka na kijiji jirani, malisho, na mgao wa mapato ya msitu. Swali la maji ya mwaka mbaya yaliishia wapi sijasikia likiulizwa. Eneo la makazi linapakwa rangi pale ambapo nyumba zimeshaanza, basi.

Dar es Salaam walijifunza namna ya kuliuliza, ingawa walichelewa. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kupita kata kwa kata wakichora mifereji, vichochoro na nyumba. Walitumia simu na picha za ndege zisizo na rubani, lakini pia walimsimamisha mkazi mlangoni na kumuuliza: hapa maji yaliwahi kufika wapi, magotini au kifuani? Jibu la bibi mwenye nyumba likawa kipimo ndani ya ramani. Kilichokosekana kwenye karatasi ya mkoloni, ile mita 2 au 3 ambayo kontua haikuiona, bibi alikuwa nayo kichwani muda wote.

Kazi hiyo kijijini haihitaji mkopo. Inahitaji wazee wawili watatu watembee na vijana wenye simu, waonyeshe kila mahali maji yalipoishia mwaka wanaoukumbuka, na vijana wahifadhi alama ya mahali kwenye simu. Siku timu ya ardhi ya wilaya inapokuja kuchora, alama hizo zinaingia kwenye ramani ya kijiji kabla eneo la makazi halijapakwa rangi. Picha ya setilaiti ya kwenye simu peke yake haitoshi. Nyingi zimepigwa kiangazi siku isiyo na mawingu, na kiangazi kila bonde linapendeza.

Wiki iliyopita nilimpigia mzee wa Likawage. Niliamkia, akaitikia, akanitania kuwa jibu langu la hewani lilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Nikamuuliza yeye anakumbuka maji makubwa yalifika wapi kijijini. Hakufikiri hata kidogo. Alisema yalifika kwenye shina la mkwaju, ule wa kabla ya korongo, akautaja kama anavyotajwa mtu. Nikamuuliza pale pana nini sasa.

"Nyumba tatu za bati," alisema. "Na ya nne imefika kwenye linta."

Wenyewe wanajua?

"Wametoka mbali hao. Wanasalimia vizuri. Sijawaambia."